Dukuduku

Nukta tatu, baba, wamekuchanja kwa sindano na wino:
moja chini ya kitovu, kando ya mfuko wako wa plastiki,
mbili nyongani, kushoto na kulia,
ndogo kuliko mbegu ya mchicha.
Danko, fundi wa mionzi, alisema hazitoki kwa sabuni;
ndizo zinazoiambia mashine mahali pa kulenga.
Nukta moja hufunga sentensi.
Tatu zikifuatana huitwa dukuduku:
kuna neno limebaki kinywani.

Daktari Urrutia hakumung'unya maneno.
Kibofu walishakitoa, lakini saratani ilikuwa imehama mapema,
ikapanga chumba ndani ya mfupa wa nyonga.
Mionzi haitaifukuza. Itaipunguzia kelele.
"Mara ngapi?" ukauliza.
"Mara moja."
Ukamtazama kama mtu anayeuziwa samaki kwa bei rahisi mno.
"Hata kikohozi," ukasema, "hupewa dawa ya siku saba."

Tuseme kweli: ni maji.
Hapa Antofagasta mvua ni habari za watu wengine.
Siku bomba liliposhuka kutoka milimani
bendi ya reli ilipuliza tarumbeta,
nawe, mvulana wa miaka kumi na miwili,
ukakinga viganja ukanywa hadi shati likalowa.
Yalikuwa maangavu. Hayakuwa na harufu.
Aseniki haina adabu ya kupiga hodi.
Uliokunywa nao siku ile, Zoilo, Hortensia,
mapacha wa fundi viatu,
wengine wako makaburini, kule kwenye maua ya karatasi,
kwa maana maua mengine hapa hayaoti.

Asubuhi ya miadi ulivaa soksi mpya.
Ndani ya chumba baridi ukashika bega la Danko, ukavua suruali.
Wasemao maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga
hawakusema lolote kuhusu mionzi.
Nilikuona kwenye skrini, mikono kifuani,
na kichwa kizito cha mashine kikikuzunguka taratibu.
Miaka thelathini na minne uligeuza injini
juu ya ile meza ya chuma pale stesheni;
leo injini imelala, meza imetulia,
na karakana nzima ndiyo inayogeuka.
Dakika nne.
Ulitoka umenuna: "Sikusikia kitu. Wametuibia."

Usiku wa pili maumivu yakapanda.
Walikuwa wametuonya,
ila onyo halimshiki mtu mkono saa tisa za usiku.
Uliuma pembe ya blanketi.
Nilihesabu vidonge, nikahesabu tena,
nikamlaani Danko, bomba, bendi na tarumbeta zake.
Ukasema, "Yasna, punguza sauti, majirani wana kazi kesho."

Siku ya kumi na moja nikasikia kishindo sebuleni.
Nilikimbia na mwiko mkononi.
Ulikuwa umeinama.
Kopo la rangi ya viatu lilikuwa likibingirika kuelekea mlangoni,
nawe ulikuwa unafunga kamba, mwenyewe,
kiatu cha kushoto, kile ambacho tangu Pasaka
nilikuwa nakuvika mimi, nimepiga magoti, tusitazamane.
Hukuinua macho.
"Lete hilo kopo," ukasema. "Usisimame hapo kama nguzo ya simu."

Sijui tumenunua miezi mingapi.
Daktari hakutaja, nami sikuuliza.
Jioni nikakuosha mgongo. Maji ya bombani siku hizi husafishwa, wanatuambia,
na wewe bado huyanusa kwanza, kila siku, kama paka.
"Zile nukta zipo?"
Nikasugua kidogo kwa kidole gumba.
"Zipo."
"Zote?"
"Zote tatu, baba."
Ukanyoosha mguu, wa kushoto, ukautazama
kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekikatia tamaa.
"Basi," ukasema, "ongeza ya moto."